Nyumba ya Kujipikia

Lakeville, Minnesota
Jumatatu jioni

Mdogo wangu Dinah,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Solomon. Natumaini karatasi hii inakukuta ukiwa mzima, Baba mguu umempoa, na Mama bado anagombana na kwaya yake kila Alhamisi. Sisi huku miili iko sawa, baridi ndiyo inaanza kubisha hodi. Ya moyo utayasoma, usiharakishe.

Utauliza kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani na simu zipo. Ni kwa sababu wewe simu zangu unaziweka spika, na Baba huketi hapo hapo akiitikia kila neno. Haya si ya spika. Lois, yule nesi mwenzangu wa kutoka Nyamira, anasafiri kesho, na nimemwapisha asimpe mtu mwingine bahasha hii. Isome peke yako, chumbani, mlango umefungwa.

Unajua Baba alinipa kazi. Alisema kabla hajakubali wazee wa Duncan waje kwetu Desemba kukuposa, anataka neno langu, maana wewe umemwona Duncan kwa macho Krismasi moja tu na mengine yote ni ya simu, lakini mimi niko naye huku. Alisema nikisema ndiyo, atanunua mbuzi. Nikisema la, hao wazee wasijisumbue hata kupanda gari. Mimi nami nilikuwa namwona kanisani tu, suti imenyooka, anaomba hadi watu wanalia, halafu anarudi zake Plymouth. Lakini kanisani nani si malaika? Ndipo nikasema, wacha tusafiri naye, tulale nyumba moja, nimwone akiamka na mate shavuni. Aki Dinah, kuwa mwangalifu na unachoomba.

Safari ilikuwa wazo la Solomon. Kazini kwake kuna mzee mzungu ambaye nyanya yake alitoka Scotland, akamjaza kichwa na habari za visiwa vya mbali, hewa safi, hakuna kelele. Solomon akaja nyumbani anang'aa, akasema amepata nyumba ya self-catering. Mimi nikasikia catering. Na kwetu catering ni nini? Si ni wale akina mama wa aproni nyeupe kwenye harusi, pilau imefunikwa, wewe unapita tu na sahani? Nikadhani hiyo self maana yake tunapewa wapishi wetu wenyewe, hatuchangii na watu. Nikamshukuru Mungu kwamba baada ya miaka hii yote ya kugeuza wagonjwa vitandani, na mimi sasa nitapikiwa.

Ni Leah aliyenitoa ushamba. Leah ni yule rafiki yangu Mtanzania wa Columbia Heights, yeye na mumewe Protas walikuwa wanakuja nasi. Ana mimba ya miezi sita, na unajua wameingoja mimba hiyo tangu niwajue. Alicheka akajishika tumbo, akasema dada Kerubo, mpishi ni wewe. Ati unalipia nyumba, halafu unapika, unaosha, unatoa takataka, na siku ya kuondoka unavua shuka kitandani mwenyewe! Watu wanavuka bahari kwenda kuosha sufuria. Nilimwangalia Solomon, akajifanya anatafuta chaja.

Basi tukagawana chakula cha kubeba. Sisi unga na mwiko, Leah na Protas mchele na viungo vya chai. Duncan, kwa kuwa ni kapera, tukamwambia abebe vya mkebe: nyama, samaki, maharagwe, na biskuti za asubuhi. Alikuja na ndege ya nyuma, tukakutana naye pale feri inapoondokea. Alikuwa na sanduku kubwa na uso wa msiba. Akasema maafisa wa uwanja wa ndege wamemnyang'anya chakula chote, kwamba nyama haiingii nchi ile. Tulimwonea huruma sana. Leah akamwambia pole shemeji, tutakula tulicho nacho, riziki haigombewi. Shemeji, Dinah! Alikuwa ameshamwita shemeji kwa ajili yako.

Hicho kisiwa jina lake sitalijaribu, lina herufi nyingi za bure. Mti hakuna hata mmoja. Kondoo wamekunya mpaka kizingitini, unafungua mlango unakanyaga. Ndani nyumba inanuka sufu mbichi na soksi za watu. Nikafungua kabati nikakuta chupa ya tomato imeachwa na wageni waliotangulia, nywele imeganda shingoni. Sponji ya vyombo ilikuwa na ute. Nikafungua bomba, maji yakatoka rangi ya chai ya rangi, nikapiga kelele, nikajua choo kimepasuka. Mama mwenye nyumba akaniambia kwa upole kwamba hayo ndiyo maji yao, yanapita kwenye udongo wa huko, na wao wanayanywa tangu wazaliwe. Niliyachemsha mara mbili na bado nikayanywa nimefumba macho. Na hiyo ndiyo likizo, watu wanaweka picha mtandaoni wakitabasamu.

Lakini hayo yote ni kinyaa cha kuoga kikaisha. Sikuandikii kwa sababu ya kondoo.

Tulikuwa tumepanga kununua vingine kwenye duka la kisiwa, maana liko moja. Kumbe duka lenyewe linangoja feri kama sisi. Katikati ya wiki upepo ukaamka, Dinah, upepo wa kung'oa meno. Feri ikasimama. Siku ya kwanza tukacheka, siku ya pili nikaenda dukani nikakuta haradali, mishumaa na chakula cha mbwa. Unga ulikuwa umeisha, mchele umebaki wa kikombe kimoja. Mzee jirani mwenye kondoo akatuletea ndoo ya viazi bila kuombwa, akaiweka mlangoni akaondoka. Tukala viazi na chumvi. Chai ya kahawia, viazi na chumvi.

Ndipo Duncan akasimama sebuleni, mkono kifuani, akatangaza kwamba yeye anaingia katika kufunga na kuomba hadi Mungu atulize bahari. Alisema fungu lake la mchana apewe Leah, kwa ajili ya mtoto. Mimi machozi yalinitoka. Nilimwambia Solomon kitandani kwamba Dinah amepata mtu, na nitampigia Baba mara tu nikifika kwenye mtandao. Protas wa watu akaona aibu kula mbele ya mwenzake aliyefunga, naye akafunga siku nzima, akazunguka nyumba akijishika kiuno. Jioni Duncan alifungua kwa viazi vyetu, na mimi kwa mkono wangu nilikuwa namchagulia kile kikubwa.

Asubuhi na jioni alipanda kilima nyuma ya nyumba, kwa maombi. Kilima hicho ndicho mahali pekee simu ilishika. Sisi tulikuwa tunamtania tunamwita Musa.

Leah hakuwa sawa. Alianza kutetemeka mikono, akisimama anaona giza. Nilimlaza kwenye kochi, nikampa kipande changu cha mwisho cha sukari guru nilichokuwa nimeficha kwa ajili ya chai, nikamwambia alale ubavu wa kushoto. Alimwomba Duncan amwombee. Duncan akapiga magoti, akamwekea mikono kichwani, akaomba kwa sauti hadi madirisha yakaitika. Alipoondoka Leah akaninong'oneza kwamba mikono ya yule inanuka nyama. Nyama ya mkebe, akasema, na mafuta yake. Sisi tukacheka. Protas akasema mimba hiyo, jana ilikuwa inasikia harufu ya chapati. Hata mimi, nesi mzima, nilimwambia Leah, mama, ni hamu tu, itapita. Leah akageukia ukutani.

Upepo ukatulia, tukaambiwa feri inakuja. Asubuhi ya kuondoka kila mtu akavua shuka zake kama karatasi ya kwenye friji ilivyoagiza. Duncan alikuwa kilimani, ameacha kitanda kama kilivyo. Nikasema basi nimsaidie, si ndugu yangu huyu. Nikavuta shuka, ikanasa chini, nikainama.

Dinah, sijui nikuandikieje. Mikebe ilikuwa imejipanga chini ya kitanda kile, mingine mitupu, mafuta yameganda meupe kama usaha. Nyama, samaki, vyote. Kijiko kilikuwa zuliani kimeota manyoya. Soksi yake ndiyo alikuwa akifutia mikono. Biskuti zilimwagika, na juu ya biskuti mavi ya panya, na panya mwenyewe akapita mbele ya uso wangu ameshiba kuliko Leah. Nilikimbilia choo nikatapika viazi. Mimi ninayeosha vidonda vya watu kila siku bila kukunja uso, nilitapika hadi Solomon akaja kunishika mabega.

Alipoteremka kilimani alitukuta wote wanne tumesimama chumbani mwake. Nilimwambia aseme. Kwanza alisema ni vya akiba, alikuwa anangoja hali izidi kuwa mbaya. Protas akamuuliza kama mbaya zaidi ni mtoto kufa tumboni. Hapo akaanza kuona haya, halafu haya ikageuka hasira. Akasema kwani mnaniangalia mimi peke yangu. Akatoa simu. Akabonyeza ujumbe wa sauti.

Ilikuwa sauti yako.

Uliongea Kiswahili kitamu, taratibu, kama unavyoongea ukiwa umelala chali. Ulimwambia awache ujinga wa kugawa, avifiche vizuri na afunge mlango. Ulisema hao wengine wana waume na wake wa kuwaangalia, yeye ana nani. Ulisema Kerubo amezoea kuwa mama wa kila mtu, mwache awe mama. Ulisema huyo Leah wa Tanzania amenona na mimba, viazi havijaua mtu. Na hilo la kufunga, ulisema, ni wazo zuri, kwa sababu mtu anayefunga haulizwi anakula nini. Halafu ukacheka. Kicheko chako chote, hadi ule mkwaruzo wa mwisho.

Mimi nilikuwa bado nimeshika shuka. Duncan alisimama pale ametuliza uso, kama mtu aliyelipa deni. Nilitaka kusema si yeye, kuna mtu anaigiza, siku hizi mashine zinaiga sauti. Lakini mimi nimekulea, Dinah. Sauti yako naijua tangu ilipokuwa kilio.

Kwenye feri Duncan alikaa juu kwenye baridi. Sisi tulikaa chini, na bado Leah alikuja akaketi karibu nami, akaniletea chai nyeupe ya maziwa ya kununua. Nikaanza kumwomba msamaha kwa niaba yako. Alinisikiliza hadi nikamaliza, halafu akaniambia, bila hasira hata kidogo, kwamba ile sauti ilipoanza alidhani ni mimi. Alisema tunafanana sana tukiongea. Alisema alingoja kidogo kabla ya kuamini kwamba si mimi, kwa sababu mdomo wangu haukuwa unasogea. Nimekuwa nikisikia maneno hayo nikiendesha gari, nikiwa zamu, nikisukuma troli dukani. Leo asubuhi nilimwambia mgonjwa pole na nikaisikia sauti yangu, nikanyamaza.

Leah yuko salama, mtoto anacheza. Nimekueleza hilo ingawa hukuuliza.

Sasa nisikilize. Nilipoanza safari nilikuwa nampima Duncan kwa ajili yako. Nilikuwa naogopa usije ukaolewa na mtu atakayekula amejifungia wakati wewe na watoto mna njaa. Leo sijui nimwogope nani kwa ajili ya nani. Nakuchukia? Hapana. Lakini nasikia kinyaa, Dinah, na sitakudanganya kwamba kimeisha. Sisi tumekula sinia moja miaka yote, na Mama alikuwa akimpiga mkono anayevuta nyama upande wake. Wewe ulikuwa mdogo, tulikuwa tunakusukumia. Labda tulikusukumia sana.

Baba atanipigia Jumapili baada ya ibada, ameshaniambia. Ataniuliza Duncan ni mtu wa aina gani, na nitamwambia: kufunga, mikebe, Leah, vyote. Hayo ni ya Duncan, na jibu langu ni la. Ya kwako sitayatanguliza. Lakini unamjua Baba, akishasikia habari huuliza nani mwingine alijua. Akiuliza, nitajibu. Lois atakuwa Kisii kabla ya Jumapili, kwa hiyo una muda wa kuketi na Baba wewe mwenyewe, umwambie kwa hiyo sauti yako. Ukimwambia, nitakuja Desemba hata kama hakuna wazee wanaokuja, na tutakula pamoja. Usipomwambia, bado nitakuja, kwa sababu ni kwetu. Lakini sahani yangu nitajipakulia mwenyewe.

Nisalimie Mama, mwambie ile dawa ya mgongo Lois anayo. Msalimie Baba, lakini usimpe barua hii.

Ni mimi dada yako,
Kerubo