Masaa Matatu Niliyoyaacha

Rajabu, rafiki yangu,

Walikuua kwa sababu ya kosa langu. Nimeandika habari za vifo zaidi ya miaka ishirini na najua jambo kubwa hutangulia. Kwa hiyo nalitanguliza.

Ulinifundisha kutengeneza jukwaa letu la majadiliano la mtandaoni ndani ya kibanda chako cha simu, Koboko. Ulichora jedwali kwenye daftari: namba, mwandishi, maneno, wakati. "Kila posti iko mstari moja," ulisema. "Wakati, mwandishi hapana jaza. Database inajaza yenyewe, hakuna mutu atadanganya." Kisha ukanionya. Mashine inayotunza jukwaa iko nchi ya mbali, saa yake iko nyuma ya yetu kwa masaa matatu. Tuhifadhi hivyo hivyo, lakini tukiwaonyesha watu posti, tuongeze masaa matatu. Nikakujibu, "Kesho." Ukacheka: "Mutu ya gazeti, kwako kila kitu kesho, chakula tu ndiyo leo."

Jukwaa likafunguliwa. Watu wa Arua na Koboko wakaanza kubishana juu ya mpira na mihogo. Masaa yale sikuyaongeza.

Kisha dereva mmoja wa bodaboda alichinjwa saa tano asubuhi, kwenye barabara ya Arua. Ulipita pale, ukamkuta, ukaandika jukwaani saa tano na dakika arobaini ili ndugu zake wajue. Skrini ikaonyesha 08:40. Kwa macho ya kila aliyesoma, ulitangaza kifo chake akiwa bado hai.

Yaliyofuata nimeelezwa na mkeo Zaituni, na majirani wawili wameyathibitisha. Kaka wa dereva alifika kibandani na kundi la watu, akakushika shingo, akakubandika simu usoni. "Soma saa! Soma mwenyewe! Ulijuaje?" Ukasoma. Ukasema, "Hii saa si ya hapa." Wakauliza nani aliiweka. Jina langu hukulitaja. Tofali la kwanza lilikuvunja taya, hata kama ungetaka kueleza usingeweza tena. Ikafuata mipini ya majembe. Likafuata jiwe ulilokuwa unazuilia mlango wa kibanda. Walipiga hata baada ya wewe kuacha kusogea, halafu wakachoma kibanda na nyumba. Zaituni aliwatoa watoto kwa nyuma, kitambaa cha kichwani kikiwaka.

Nimeongeza masaa matatu. Ni mstari mmoja, haukunichukua hata dakika. Posti yako sasa inasema 11:40, na sijaona mtu aliyerudi kuisoma.

Koboko bado wanakuita muuaji. Wazee walikataa uzikwe kando ya baba yako, ingawa alikuwa askari wa kuheshimika. Tulikuzika Aroi, kwenye shamba la watu ambao hawakukujua. Zaituni yuko Dadamu kwa dada yake. Watoto wamefundishwa wakiulizwa jina la baba yao watoe la mjomba.

Hakuna aliyejua kosa ni la nani. Ningeweza kunyamaza, na nilinyamaza wiki tatu. Hata habari ya kifo chako niliiandika mimi. Majina sahihi, mahali sahihi, sentensi safi. Kosa langu tu sikuliandika.

Jana nilimwambia Zaituni. Hakulia. Aliniuliza tu kwa nini ilichukua wiki tatu. Halafu nikampigia yule kaka, ambaye yuko nje kwa dhamana. Nikamwambia nina jambo la kusema mbele yake na wazee. "Kuja tu, mzee," akasema. "Ya kurudi hatujakuahidi."

Nakwenda Ijumaa, baada ya swala. Nimechapisha jedwali. Nitawaonyesha wakati ulivyohifadhiwa, na mahali ambapo mimi sikuongeza masaa. Nitamwambia kwamba mtu waliyemuua ndiye pekee aliyesimama kumwangalia ndugu yake pale barabarani. Sijui mikono yake itafanya nini akisikia.

Kwaheri, Rajabu. Naahidi hivi: sitawaomba wanisamehe mimi kabla hawajasema, kwa midomo yao, kwamba wewe hukuua mtu na kwamba watoto wako watarudi nyumbani wakitumia jina lako.

Zaituni anakuja nami. Nilimkataza. Akasema, "Wewe utasema ya mashine. Mimi nitasema ya mutu."