Paa la Gari la Baba

Shosti, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Leo nimemrudishia mama lile gari kuukuu la marehemu baba, la paa la turubai. Si unajua nilitaka kumfurahisha. Fundi amekata fremu ya kioo cha mbele, ameshusha paa kiasi cha kiganja, gari limelala kama la mashindano. Turubai jipya, jeusi. Mimi roho kwatu.

Mama akaingia, akakaa upande wake wa abiria. Halafu akanyoosha mkono juu ya kiti cha dereva, akawa anapapasa paa.

Unakumbuka baba alivyokuwa mrefu? Kichwa chake kilisukuma turubai la zamani mpaka likaweka kishimo. Kumbe tangu tumzike, mama alikuwa anaingia garini kukishika kile kishimo. Ndiyo ananiambia leo.

Akauliza, "La zamani liko wapi?"

Nikamwambia fundi amelichoma.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza, shosti. Alipapasa tena, akasema taratibu, "Limependeza, mwanangu. Ila baba yako hatoshi tena humu."

Hatoshi tena humu.

Akashuka, akafunga mlango polepole, kama kuna mtu amelala ndani.