Daktari wa Kasulu Hakunipa Dawa

Kijiji cha Busunzu,
S.L.P. Kibondo,
Kigoma.
2 Novemba, 1975

Mpendwa kaka yangu Felisiani,

Amahoro! Nimeanza na salamu ya nyumbani, maana huko Korogwe kwenye mkonge sidhani kama kuna wengi wa kukusalimu kwa Kiha. Kifua chako kinaendeleaje? Bazilio, mwenzako wa huko kambini, alipokuja likizo alituambia vumbi la mashine linakukohoza. Tafadhali usikinyamazie kikohozi, nenda zahanati. Shemeji hajambo? Na watoto?

Sisi huku tu wazima. Mguu wa mama umepungua kuvimba, na wiki iliyopita alipanda maharage mwenyewe, hataki kusaidiwa. Mvua imeanza vizuri ingawa barabara ya Kibondo imekwisha kuwa matope.

Sasa, kaka, nakuandikia jambo ambalo hata mimi sijalielewa. Bila shaka Bazilio amekwisha kukuambia kuwa mwanangu Josephina ana kichaa. Ndivyo wanavyosema hapa. Nimeona afadhali uyasikie kwangu, ingawa nitakueleza kama mtu anayepapasa gizani. Ukiona nimechanganya mambo, nivumilie.

Ulimwacha akiwa wa mgongoni. Sasa ana miaka saba na uso wake ni wa mama mtupu. Masikio anayo, maana ukimenya karanga nyuma ya nyumba atakuja, lakini ukimwita jina hageuki. Hatazami mtu machoni, wala hapendi kushikwa. Maneno yake ni ya kuokota. Asubuhi akimsikia katekista akisema "Tuombe", basi siku hiyo ni "tuombe, tuombe" hadi jua linazama. Maharage huyapanga mstari toka mlangoni hadi jikoni, na ukiuvuruga atalia mpaka sauti imkauke.

Kule tulikokaa zamani haikuwa shida sana. Nyumba ilikuwa peke yake katikati ya migomba, na kimya kilimtosha. Tangu tuhamishiwe kijijini, nyumba zimepangwa karibu karibu, jirani anasikia ukikohoa. Wakitaka kuita mkutano wanagonga chuma cha gurudumu, naye Josephina anakimbia ameziba masikio. Mara kwa mara anatoroka kurudi itongo, pale tulipobomoa nyumba yetu, na tunamkuta ameketi pale palipokuwa mlango.

Mama mkwe anasema ni wazee waliozikwa kule, wamekasirika kwa kuachwa. Katekista anasema nizidishe sala. Wanawake kisimani wanasema, tena wakijua nasikia, "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo." Lakini mdogo wake, Philemon, nimemlea kwa mikono hii hii, mbona yeye hayuko hivyo? Nikiwaza hivi napata nguvu. Baadaye tena nawaza labda kuna kitu nilichokula wakati wa mimba yake. Nashika hili, naachia lile.

Mwezi wa Juni alipotea tangu asubuhi, kijiji kizima kikaacha kazi kumtafuta, akakutwa huko huko itongo. Mama mkwe akasema imetosha, yuko mganga upande wa Malagarasi. Anatoli, mume wangu, akakubali. Na mimi nikakubali, kwa kuchoka.

Tulipofika nilimwona kijana amefungwa mguu kwenye gogo, nzi wamemjaa. Mganga si mtu mkali, kaka, alizungumza nasi kwa upole kabisa. "Huyu wenu nitamfunga kwa muda mfupi tu," alisema, "mpaka kilichomkalia kichoke." Josephina alikuwa ameinama uani, anapanga vijiti. Nikambeba, akanipiga mateke, nikatoka naye.

Mama mkwe akanifuata mpaka njiani. "Epifania! Unaondoka na mtoto au unaondoka na pepo?"

"Sijui, mama," nikamjibu. "Lakini naondoka naye."

Tangu siku hiyo hajasema nami. Usiniulize kama nilifanya vyema. Nilijua tu kwamba kamba ile siitaki.

Hapa shuleni kuna Mwalimu Kudra, Mwislamu, mwenyeji wa Pangani, mkoa huo huo uliko wewe. Serikali ndiyo iliyomleta. Josephina alipoanza darasa la kwanza, mwalimu huyo alimkalisha karibu na mlango, na kabla kengele haijagongwa humwashiria atoke nje. "Sijui ana nini, mama Josephina," aliniambia, "na sitaki kukudanganya kuwa najua." Wote wengine walijua, kaka. Yeye ndiye wa kwanza kuniambia hajui, na sijui kwa nini neno hilo lilinituliza. Yeye ndiye pia aliyepata habari kuwa daktari wa mambo ya akili angepita hospitali ya Kasulu mwezi wa Agosti.

Anatoli alisema haendi kuaibishwa mbele ya watu. Lakini asubuhi ya safari nilipofungua mlango nikamkuta ameshika baiskeli. Akamketisha Josephina kwenye keria, akaikokota baiskeli hadi barabarani, nasi tukapanda basi wote. Ndani ya basi Josephina alipiga kelele kwa sababu ya muungurumo wa injini. Mzee mmoja akasema, "Mchapeni huyo, ananyamaza mara moja!" Anatoli akageuka. "Hachapwi," akasema. Kaka, mimi mkewe sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo.

Daktari alikuwa kijana. Hakumshika mtoto. Aliketi sakafuni na koti lake jeupe, akamwaga vizibo vya soda, akasubiri. Josephina akavipanga. Daktari akaongeza kimoja mwishoni mwa mstari, naye hakukitoa. Wakakaa hivyo kitambo, sisi tunatazama.

Kisha akasema, "Huyu si kichaa. Wala hakurogwa. Na si kosa lako, mama."

"Basi ana nini?"

"Wapo watoto wanaozaliwa hivi. Kelele ndogo kwao ni kubwa, na mabadiliko yanawaumiza. Jina la Kiswahili la kukupa sina."

"Atapona lini?" Anatoli akauliza.

"Si kitu cha kupona kama malaria. Atakua, atajifunza, ila kwa njia yake. Mwambieni mapema kabla ya kumpeleka mahali. Msimlazimishe kushikwa. Akipata pa kujificha kelele zinapozidi, mwacheni ajifiche." Halafu akanigeukia. "Na wewe mama, unalala?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nililia mbele ya mwanamume nisiyemjua, naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Akasema yeye au mwenzake atapita tena, nirudi, hata kama ni kwa kuzungumza tu.

Lakini dawa hakunipa. Hata kidonge! Njiani Anatoli akaniuliza, "Kwa hiyo tumerudi na nini?" Nami nikajiuliza yangu. Kama si ugonjwa, hospitali tulifuata nini? Kama hakurogwa na si kosa langu, basi limetoka wapi? Nilidhani kuambiwa si kosa langu kungenipa raha, kumbe na lawama nayo ilikuwa kitu cha kushika.

Siku chache baadaye alikuja Esteri, Mrundi aliyekimbilia huku mwaka wa sabini na mbili. Mumewe, Reverien, anauza chumvi. Hatukuwa tumezoeana. Akasimama mlangoni, hataki kiti.

"Nasikia daktari alikuambia neno," akasema.

"Neno gani?"

"Kwamba si kosa."

"Ego, ndivyo alivyosema."

"Sema tena."

Nikasema tena. Kisha akauliza, "Alisema ni wewe tu, au na mama wengine?"

Nikamjibu, "Na wengine." Daktari hakusema hivyo, kaka, lakini sioni kama nilidanganya.

Akanishika mkono, akanipeleka kwake, chumba cha ndani. Mlikuwa na binti, Rosa, karibu kuvunja ungo, anajitikisa mbele nyuma, mbele nyuma. Wote tulijua Esteri ana wana wa kiume tu. "Siku tulipovuka mpaka nilimziba mdomo kwa kitambaa, askari wasimsikie," alisema. "Tangu hapo hataki nimguse." Nikamwambia, "Na wangu hataki." Tukakaa hapo, wanawake wawili, hatujui la kufanya.

Siku hizi tunalima pamoja, kwenye shamba lililo mbali na barabara. Mabinti tunawakalisha migombani. Hawachezi pamoja wala hawatazamani, lakini hawakimbiani. Jumamosi Mwalimu Kudra huja na jembe lake, tunazungumza, mara nyingine tunacheka. Juzi alikuja mama mmoja wa kitongoji cha juu. Hakusema lolote kuhusu kwake, nasi hatukumuuliza.

Usidhani kuwa sasa naelewa, kaka. Kuna siku Josephina analia tangu alfajiri, nami nawaza huenda mganga alikuwa na haki. Kuna siku nyingine anaimba wimbo mzima wa kanisani bila kukosea, nashindwa kujua nicheke au nilie. Na kama unafikiria kututumia fedha za mganga wa huku, usitume. Ila ukisikia hapo kambini pana nyumba yenye mtoto kama huyu, pita ukawasalimie. Hiyo inatosha.

Unisalimie Bazilio, na shemeji, na watoto wote mmoja mmoja. Mama anasema ule vizuri. Mungu akulinde kazini, na akurudishe ungali na nguvu za kututania.

Nilitaka kufunga barua hapa, lakini jana mama mkwe alitokea shambani. Hakusalimu. Alisimama kwenye migomba, akawatazama mabinti kwa muda mrefu. Sijui alikuja kumwona mjukuu wake au kuona kilichosimuliwa na watu. Nikampa jembe. Akalipokea, akalima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Epifania