Joto la Ukuta wa Chumba cha Mama

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Mpendwa kaka yangu Hamud,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Namwomba Mola barua hii ikukute mzima huko Maskati, mgongo wako uwe umepoa, na wifi Badriya na watoto wawe salama. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila magoti yangu yananikumbusha umri kila ninapoinuka kwenye msala.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Rasha, jirani yetu, anasafiri kuja huko Jumatano, nikaona nimpe mkononi. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia kabla sijafika penye neno lenyewe.

Ni habari ya ukuta wa chumba cha mama.

Unakumbuka nilikusimulia Ramadhani. Kila baada ya Alasiri naingia mle, nakaa kwenye mkeka wake, naegemea ukuta pale kilipokuwa kichwa cha kitanda, naleta uradi. Kelele za wachuuzi zinafika ndani zimelainika, kama watu wanaoongea usingizini. Na ukuta ulikuwa na joto. Si la jua, maana jua halifiki mle. Joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Nilikuwa nikisinzia pale namwona mama anasuka ukili, haniangalii, lakini anajua nipo.

Nilipokwambia, uliniuliza ni upande upi hasa. Kisha ukasema, "Zena, mtu asiuguse ukuta ule, hata kwa rangi, mpaka nije niweke mkono wangu." Nikakuahidi. Nilijua kwa nini. Hukuwahi kumzika.

Naomba unisamehe kaka. Ukuta umeguswa.

Aliyeanza ni mkwe wangu Nasma, mke wa Basil. Chumba chao ndicho kilicho upande wa pili wa ukuta huo, na hapo ameweka friza lake la juisi ya ukwaju. Akaniambia, "Mama, soketi yangu inanuka plastiki inayoungua." Nikamjibu ni udi wangu, si anajua kila Ijumaa nafukiza. "Leo Jumanne, mama." Nikasema basi ni wa Ijumaa umebaki. Akanitazama. "Udi gani huo unaotokea kwenye soketi?"

Tukamwita mzee Bakili, yule fundi umeme wa Msimbazi ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi. Akaweka kiganja ukutani, pale pale pangu. Nikamwambia taratibu hapo mzee, pana baraka. Akasema, "Baraka zipo, mama, lakini ukuta haupati homa. Zima meni swichi."

Akatoboa plasta. Kumbe baba alipoongeza vyumba vya uani, miaka ile ya uhaba, shaba ilikuwa haipatikani, akatandaza waya wa alumini. Bakili alinieleza kama mtoto wa madrasa. Alumini ikipata moto inatanuka, ikipoa inanywea, mwaka baada ya mwaka, mpaka skrubu zinalegea. Halafu fundi mwingine baadaye akaja akaiunga na shaba kwa kuzisokota tu na kuzifunga utepe. Hizo mbili hazipatani. Panafanya kutu, umeme unapita kwa shida, maungio yanachemka. Na friza linavuta umeme usiku na mchana. Utepe ulikuwa umeyeyuka, na ubao wa fremu ya mlango karibu yake umeanza kuwa mkaa. Kitanda cha mjukuu wetu Salma kiko shubiri mbili kutoka hapo.

Nilikaa chini. Miezi yote ile niliyokuwa nikishukuru, kumbe naegemea moto.

Bakili akauliza, "Niendelee, au nizibe?" Nikataka kukupigia. Akasema, "Nikiziba hivi, mama, mimi sitalala, na ninyi msithubutu kulala." Nikamwambia vunja.

Sasa laini yote ya uani inabadilishwa, inatiwa shaba tupu, na kila soketi na swichi inafunguliwa ikaguliwe. Mpaka amalize tumezima upande ule, tunatumia taa za kuchaji, na Nasma amenuna maana hauzi juisi. Nawe kaka, hiyo nyumba uliyopanga ni ya zamani. Soketi ikiwa na joto, au taa zikichezacheza, usikubali mtu atie fyuzi kubwa zaidi, wala usiguse mwenyewe. Ita fundi anayeijua alumini.

Jana niliingia tena. Plasta mbichi, inanuka saruji. Nikaegemea, baridi. Nikangoja, nikaona kama namzika mama mara ya pili. Kisha nikafungua Yasini nikaisoma mpaka mwisho nikiwa macho. Miezi yote sijawahi kufika hata nusu, lile joto lilikuwa likinilaza. Jana mama kaipata nzima.

Kaka, umekuwa ukiniuliza ukuta kila tukiongea. Kaburi hujaniuliza hata siku moja. Liko Kisutu, karibu na njia, nimelipandia mrehani. Njoo. Nitakupeleka mwenyewe, na mkono wako utauweka pale.

Basil, Nasma na Salma wanakusalimu sana. Nisalimie wifi na watoto wote. Mola akulinde wewe na nyumba unayolala, akulete salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Zena