Jina Ulilofungia Kitabu

Kwako Baba Zuhura, mume wangu uliyetangulia,

Leo nakuandikia nikiwa na hasira. Mwenye subira angeanza na dua ndipo agombe, lakini unanijua, na tangu tukuzike umenisumbua kuliko miaka yote kumi na moja tuliyoishi pamoja.

Unazikumbuka zile karanga? Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, vitu vikawa vinaingia Lindi kwa marobota: nguo, viatu, redio, mpaka vitabu vya Kizungu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Ulinunua karanga pale stendi, ukazimaliza, kisha ukaanza kuisoma karatasi zilimofungiwa. Mimi nakuuliza mboga iko wapi, wewe unanihadithia mwizi anayeingia kwenye kompyuta za watu kwa kupiga simu tu. Ukarudi mbio kwa muuza karanga, ukanunua kitabu chote, yaani kilichobaki, maana kurasa arobaini za mwanzo zilikwisha kuondoka na karanga zake. Hatukuwahi kujua kinaitwaje wala kaandika nani.

Toka siku hiyo sikupumua. Kompyuta yetu ya dukani ilikuwa moja, kuukuu, ya kuchapia barua za kuomba kazi na kadi za harusi, lakini uliilinda utadhani ina siri za serikali. Neno la siri ukalibadilisha kila Ijumaa. Nikiliandika pembeni ya kalenda, unafuta. Nikiliandika chini ya meza, unafuta. Wateja wamepanga foleni, mimi nakufuata shuleni nikuulize leo tunafungua kwa neno gani, na wanafunzi wako wananicheka dirishani.

Halafu ile simu. Sauti ya mzee, nzito, yenye kikohozi.

"Hujambo, binti yangu?"

"Sijambo, shikamoo baba."

"Marahaba. Mimi ndiye fundi, mumeo kaniita niitazame hiyo kompyuta yenu. Hebu nitajie neno la kufungulia."

Nikakutajia herufi moja moja, tena nikauliza na hali ya nyumbani kwako. Jioni ukaja unacheka mpaka unashika ukuta, kumbe mzee yule ni wewe. Siku tatu sikukupikia, na ungestahili hata wiki.

Lakini hapo ndipo ulipopata wazo la kitabu chako. Ulisema walioandika kile cha karanga ni werevu, ila hawatujui sisi. Hawajui kwamba mtu wa huku akishaitikiwa marahaba hawezi tena kumnyima mzee kitu. Basi ukaandika chako, kwa Kiswahili, ili karani wa Kilwa na mwenye duka wa Nachingwea wajue wezi hawa wanavyoingia. Uliandika kwenye madaftari, nami nikakichapa chote. Sura ya nne uliiita "Marahaba", na humo nikajikuta: "Mke wangu alinitajia kabla ya dakika moja kwisha." Nikakuambia uondoe. Ukasema kitabu cha usalama hakiwezi kuwa na uongo. Tuligombana mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo ukafanya wazimu wa aina mbili. Madaftari ukayachoma yote, eti kwa sababu kitabu cha karanga kilisema wezi hupekua majalala. Na faili ukalifunga kwa neno jipya. Nilipokuuliza ukasema, "Rahisi tu. Jina langu." Kisha ukaugua, na wiki mbili hazikutimia.

Jina lako! Nimejaribu Hamisi. Nimejaribu Mwalimu Hamisi, Hamisi na la baba yako, Baba Zuhura, kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, mpaka kinyumenyume. Ndipo nikakumbuka siku ile ulipokuwa unanichumbia, nilipokuuliza uliitwa nani utotoni. Ulikunja uso. "Lile nililiacha jandoni. Anayelitaja ananitukana." Nikakaa chini palepale dukani, nikakusonya.

Mimi mtu wa Newala, nitalijulia wapi? Nikapanda gari mpaka Milola kwa mama yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, anabangua korosho zake.

"Mwanangu, unataka nimtukane mtoto wangu kaburini?"

"Mama, kazi yake yote imo humo."

"Na ikae humohumo."

Hasira nilizokuwa nazo! Kijiji kizima kinalijua neno lako la siri, na hakuna mwenye mdomo wa kulitoa. Kufuli la namna hiyo halimo kwenye kitabu cha karanga, labda lilikuwa kwenye zile kurasa arobaini.

Siku ya arobaini yako, hukohuko Milola, ndipo watani walipokuja. Bi Somoe, mtani wenu ambaye hata akikutukana huruhusiwi kukasirika, alivaa koti lako na miwani yako, akatembea uani pua imo kwenye karatasi, akajikwaa kwenye kinu kama ulivyokuwa unajikwaa wewe. Kisha akageuka akawa marehemu baba yako, akakuita kwa sauti kuu, kwa jina lile, "Tupa hiyo karatasi, mbuzi wameingia kwenye mihogo!" Mama yako akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemwona akicheka, na alicheka mpaka akalia. Mimi niliacha sufuria niliyokuwa naisugua kwa majivu, nikawa nalirudia jina moyoni njia nzima mpaka Lindi.

Sikulitamka. Nililichapa kwa vidole tu, kwa hiyo sijakutukana. Faili likafunguka, nikaenda moja kwa moja sura ya nne nikuone ulivyonianika.

Ulikuwa umeibadilisha. Uliandika kwamba aliyepigiwa simu ni wewe, na kwamba wewe ndiye uliyeamkia mwizi ukamtajia. Kumbe ulifunga ili nisione mpaka kichapishwe. Nililia, Baba Zuhura, kisha nikakasirika upya, maana ulikufa ukijua mimi bado nimenuna, na neno moja tu lingetosha.

Jana nimeirekebisha. Aliyedanganyika ni mke, na nimeweka jina langu kamili, maana ulisema kisiwe na uongo. La kwako silitaji. Na wewe unayeisoma barua hii bila kuandikiwa, usinipigie simu kuniuliza, hata ukiwa na sauti ya mzee.

Lala salama, mkaidi wangu.

Ni mimi mkeo, ambaye ulipokea shikamoo yake bila haya,
Mama Zuhura