Vidole vya Shangazi

Ndugu yangu, naandika nikiwa nimejifungia chooni, ofisini kwa shangazi. Usicheke.

Unaujua ule mfumo wao wa kizamani wa ghala la dawa, skrini nyeusi na maandishi ya kijani? Shangazi ameutumia miaka ishirini bila kutazama kibodi. Basi mimi, bingwa wa mizaha wa bweni zima, nikaingia kwenye mipangilio, nikageuza vitufe viwili. Cha kuhifadhi kikawa cha kufuta.

Akaandika orodha ndefu ya dawa, akabonyeza. Ikapotea yote. Akaandika upya. Ikapotea tena!

Nikangoja ailaani kompyuta. Wapi! Alitazama mikono yake. Mikono yake, ndugu yangu! Akamwambia bosi, "Vidole vyangu vimezeeka. Tafuta mtu mwingine."

Tafuta mtu mwingine!

Kicheko kikanikauka. Nikasema, "Shangazi, ni mimi. Nimegeuza vitufe."

Nikatega shavu kwa heshima zote. Kofi halikuja. Aliuliza tu, "Kwa hiyo vidole vyangu ni vizima?" Akatokwa na machozi ya furaha.

Ya furaha!

Sasa anagonga mlango, anauliza kama nimekula.