Mkono wa MaShezi Langoni

Durban, Jumapili, tarehe 8 Machi

Kwako kaka yangu mpendwa Urbain,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, kwamba wifi yangu Agathe ameshaling'oa lile jino lililokuwa likimsumbua, na kwamba mama bado anapanda mwenyewe ule mlima wa kanisani bila kushikwa mkono. Mimi mwili hauna neno. Joto la huku limeanza kupungua, kazi iko, nakula na kushiba. Ni ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha chini leo baada ya misa.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu tunazo. Nimejaribu kukurekodia ujumbe wa sauti mara nne, na mara zote nimefuta kabla ya kufika mwisho. Ndiyo maana nimempa barua hii Ruphin wa parokia yetu, anayekuja huko Kalemie kumzika baba yake. Isome kwanza peke yako. Mama mwambie kile utakachoona anaweza kukibeba.

Mwezi wa kwanza uliniandikia hongera. Ulisema umeiona picha yangu kwenye mtandao, kwamba sasa dunia nzima inajua wageni tunavyotendewa huku, na kwamba marehemu baba angeshukuru Mungu kunisomesha. Nilisoma maneno yako nikaizima simu. Wiki saba sijakujibu. Sasa nakujibu.

Unajua kibanda changu cha picha za pasipoti pale soko la Warwick, chini ya daraja, kati ya wauza dawa za miti na wachukuzi. Hujui kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nikipiga picha nyingine ambazo hakuna aliyeziagiza. Nilikuwa naitwa kusaidia kwenye arusi, leo za Wazungu, kesho za Wahindi, kesho kutwa za Wazulu, na nikaona kitu ambacho wenyeji wamekizoea hata hawakioni. Sheria ya kuwatenga watu ilikufa zamani, watoto waliozaliwa baada yake sasa wana watoto wao. Lakini kwenye zile kumbi, watu wa rangi nyingine niliowakuta walikuwa wamebeba sinia. Nikaanza kupiga. Nilimpiga picha mfanyakazi wa nyumbani akila mchana wake juu ya kreti nje ya gereji, na kikombe chake cha bati ambacho hakichanganywi na vya ndani, huku mbwa wa nyumba amelala jikoni. Nilipiga kiwanda kimoja cha Mobeni saa ya kubadilishana zamu: mlango wa kioo kwa wa ofisini, na kwa wengine geti, ambako walipapaswa mifuko na viuno kila jioni kama wezi. Nilipiga ufukwe siku ya Mwaka Mpya, umati ule wote mchangani, halafu kilomita chache mbele, mchanga uleule, Wazungu wanne na mwavuli.

Mama mmoja Mzungu, Belinda, mwenye nyumba ya maonyesho ya picha, aliziona. Alizisifu sana. Akasema zimetulia, ila watu wameshaziona picha za namna hiyo, wamezichoka, niendelee kutafuta. Nilitoka kwake na bahasha yangu kwapani, nikajiona mjinga.

Sasa nikueleze MaShezi ni nani. Ni mama wa Kizulu wa miaka kama hamsini na minane, anauza mahindi ya kuchemsha hatua sita kutoka kibanda changu. Siku tatu za juma alikuwa akifanya usafi kwa familia ya Wazungu huko Glenwood, siku zilizobaki yuko kwenye sufuria lake. Nilipofika pale sijui neno, ndiye aliyenifundisha Kizulu, kwa kunicheka kwanza. Nikienda msalani yeye ndiye aliyekuwa akilinda kamera. Alikuwa akiniita "Mkongomani wangu" mbele ya wateja, na mimi, kaka, nilikuwa nalichukia lile "wangu," kana kwamba mimi ni mbuzi. Hilo nalo liingize kwenye hesabu.

Mwaka jana majira ya baridi walianza wale watu wa kusimama kwenye malango ya kliniki. Wanadai kitambulisho cha nchi. Asiyekuwa nacho haruhusiwi kupita, hata awe anatoka damu. Na Sonia, dada wa Kirundi tunayesali naye, alikuwa na mimba ya miezi minane na presha juu. Mume wake Armel alikuwa kazini bandarini. Sonia hajui Kiingereza, akaniomba nimsindikize nimtafsirie. Nilikwenda, na kamera niliiweka begini.

Tulikuta wanaume kama tisa, kofia zimewashuka machoni, wawili wana fimbo. Wakamwambia Sonia arudi akazalie kwao. Mimi nilirudi nyuma hatua kumi nikatoa kamera. Nilijiambia mtu lazima aonyeshe. Ni kweli, lazima mtu aonyeshe, lakini Sonia alikuwa amekuja na mtu mmoja tu, na mtu huyo mikono yake ilikuwa imeshika kamera.

Ghafla akatokea MaShezi. Alikuwa ameshaingia ndani kuchukua dawa zake za sukari, akasikia kelele. Nilibonyeza, kamera ikapiga sita mfululizo.

Ile unayoijua ni ya pili. MaShezi amemkamata Sonia kwa sweta, shingoni, mdomo umefunguka wote, mishipa imemtoka. Sonia amepinda kwa nyuma, mkono mmoja tumboni. Wanaume nyuma yao ni kofia tu. Uso unaoonekana ni mmoja, na jua la asubuhi limeupiga sawasawa. Ukiitazama unasema: mama huyu anamsukuma mjamzito.

Hukuziona nyingine. Kwenye ya nne MaShezi amempa Sonia mgongo, amenyoosha mikono yote miwili mbele ya mwenye fimbo. Kwenye ya sita lango liko wazi, na Sonia yuko ndani.

Alikuwa anamwingiza, kaka. Alimvuta akamwingiza, fimbo ikamwangukia yeye begani. Sonia alilazwa siku hiyohiyo, akajifungua salama mtoto wa kike. Daktari alisema wangechelewa mpaka jioni, ingekuwa habari nyingine.

Jioni ile nilizitazama zote sita kwenye kompyuta. Nilijua ninachokiona. Nikampelekea Belinda ile ya pili peke yake. Alinipigia simu dakika hiyohiyo. Ndani ya siku tatu ilikuwa kwenye magazeti, ndani ya mwezi ilikuwa Ulaya, na mwezi wa kumi na mbili ikapewa tuzo. Kwenye maonyesho ya Belinda ilichukua ukuta mzima. Yule wa kikombe cha bati hakuwekwa, wala wa Mobeni. Waalikwa walisimama mbele ya MaShezi wakatikisa kichwa, wengine wakalia. Nikawatazama wakilia, nikaelewa kwa nini picha hii hawakuichoka. Humo ndani mweusi anamfukuza mweusi. Hakuna mtu kwenye ukumbi ule aliyejiona ndani yake. Walinipa mkono mmoja baada ya mwingine, wakarudi kwenye divai.

Na MaShezi? Wakongo na Warundi wa pale sokoni waliacha kununua mahindi yake. Mmoja alimtemea sufuriani. Wale tisa wa langoni waliona aibu kusema kwamba mama mmoja aliwashinda, na wenzao, ambao siku ile hawakuwepo, walimfuata kumpongeza, wakamletea fulana yao na kumwita shujaa. Akawafukuza na mwiko. Kisha mama wa Glenwood, aliyemfanyia kazi miaka kumi na moja, akamwonyesha picha kwenye simu na kumwambia kwamba nyumba yao haiwezi kuishi na chuki. Akampa mshahara wa mwezi mmoja na kumfungulia geti. MaShezi alikuja akanisimulia akiwa amesimama, shuka la sokoni mabegani. Siku ile langoni macho yake yalikuwa kwa wenye fimbo; hakujua ni kamera yangu. Chini ya picha waliandika jina langu la ubatizo na la ukoo, na yeye ananijua kwa jina moja tu, Mkongomani. Alisema, "Eish, mwanangu, nani amenifanyia hivi?" Nikamwambia sijui.

Umefika hapa utasema: Elysée alichagua picha mbaya, ni kosa, na vijana hukosea. Hapana. Bado hujafika.

Wiki ya kwanza waandishi wawili walikwenda kumhoji Sonia hospitalini. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Wakamwuliza yule mama wa kwenye picha alimfanya nini. Sonia akajibu kwa Kiswahili, wazi, mtoto kifuani: "Yule mama alinivuta, akaniingiza ndani. Bila yeye tungekufa wote wawili." Mimi nikawageukia waandishi nikasema kwa Kiingereza: alinivuta. Nikanyamaza. Wakauliza, alikukokota? Nikasema ndiyo. Wakauliza kama aliogopa kufa. Nikasema ndiyo, aliogopa kufa wote wawili. Wakaandika. Kila neno nililolitoa lilikuwa la Sonia. Nilibakiza tu nusu.

Sonia akanishika mkono akanishukuru kwa kumtangazia wema yule mama. Mwezi uliofuata wakahamia Cape Town. Mpaka leo anaamini MaShezi alisifiwa. Mtoto wamempa jina la kuzaliwa la MaShezi: Thokozile.

Kwa nini nilifanya? Nimejiuliza kwa magoti. Wiki mbili kabla ya hapo wale watu walipindua meza yangu, wakakanyaga picha za wateja, na nilikuwa natafuta uso wa kuuchukia, wao wakanificha nyuso zao. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba nilitaka kuonekana. Miaka tisa mtu anakuita mgeni, siku moja anakuita msanii, unataka aendelee.

Mwezi uliopita nilishindwa kubeba. Nilikwenda kwa Belinda na picha zote sita na ukweli wote. Alizitazama muda mrefu, akasema tukio la langoni ni dogo, picha inasema jambo kubwa kuliko tukio, na kwamba kujikana sasa kutawafurahisha wanaotuchukia. Nikaandikia gazeti, wakajibu watashauriana. Basi nikachapisha zile sita mwenyewe, kubwa, nikazitundika mbele ya kibanda changu kwa mpangilio wake, nikaandika chini kwa Kizulu: mama huyu aliokoa watu wawili.

Hazikumaliza asubuhi. MaShezi alikuja, akazitazama kuanzia ya kwanza mpaka ya sita, akarudi kwenye ya kwanza. Akaniuliza taratibu kama ni mimi. Nikapiga magoti pale barabarani, nikamwambia yote, hata ya mkalimani. Hakunipiga. Alisema, "Wena, wewe, zishushe. Nakaa mtaa mmoja na wenzao wale wenye fimbo, na wanachokijua ni ile picha tu. Mpaka sasa wananiona wa kwao. Wakijua niliwageukia, nyumba yangu itawaka na wajukuu ndani. Mara ya kwanza hukuniuliza. Na leo tena hukuniuliza."

Nikazishusha. Gazeti nimeliandikia waache. Unaona kaka nilichokifanya: nimemfunga ndani ya uongo wangu, na sasa ndio paa lake.

Alitaka kitu kimoja tu, tuende wote Glenwood, kimyakimya. Tulikwenda Jumanne. Yule mama alitukaribisha chai, akazitazama picha, akalia, akamkumbatia MaShezi akisema moyoni alijua siku zote. Halafu akasema nafasi imeshachukuliwa na dada kutoka Malawi, na si haki kumtoa. Akatufungia mfuko wa nguo za zamani. MaShezi aliuacha kwenye kituo cha taxi, juu ya benchi, bila kuufungua.

Tuliposimama kusubiri aliniuliza swali moja, bila kunitazama. Aliniuliza kama siku ile langoni Kizulu changu kilikuwa kinatosha kusikia alichokuwa akipiga kelele.

Kilikuwa kinatosha. Alikuwa akiwapigia kelele, "Huyu ni mwanangu!" Nikamwambia ndiyo, nilisikia.

Akasema, "Basi." Taxi ikaja, akapanda, akafunga mlango mwenyewe. Tangu siku hiyo anauzia mahindi upande wa pili wa daraja.

Kaka, sikuombi unitetee mbele ya mtu yeyote. Ukiulizwa kuhusu picha ile, sema ukweli huko uliko, maana huko hakuna atakayechomewa nyumba kwa ajili yake. Mpe mama pole yangu na umbusu mikono. Wifi Agathe msalimie sana, na watoto wote kwa majina yao. Usijilazimishe kunijibu upesi; ukipata neno la kuniambia, hata la ukali, nitalipokea.

Mdogo wako aliye mbali,

Elysée